Nani Alimwua Askofu Hannington?

Jibu ambalo wanafunzi wengi hulikariri, hapa Kachibora na kwingineko, ni moja: Kabaka Mwanga. Ningependa walimu wenzangu tuwape ushahidi wenyewe waupime.

James Hannington alipita Mumias, wakati huo ikiitwa Kwa Sundu, akamwacha huko shemasi William Jones na wapagazi wengi, akaingia Busoga na watu wapatao 50. Watu wa Luba walimkamata, wakamwua mwishoni mwa Oktoba 1885. Shajara yake ilipatikana baadaye. Ni shahidi mwema wa kifungo chake. Lakini mfungwa hakuyaona yaliyosemwa barazani Buganda.

Habari za amri ya Kabaka tunazipata hasa kwa mmishenari Alexander Mackay, naye aliambiwa na Wakristo wa kasri. Ni ushahidi wa kusikia, tena wa mtu wa upande wa marehemu. Hata hivyo Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa kasri, alimkemea Mwanga kwa mauaji hayo, akauawa Novemba 15. Mtu hatoi shingo yake kwa uvumi. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko barua zote.

Utata uliobaki ni wa washauri. Mwanga hakuwa ametimiza miaka 20. Katikiro (Mukasa mwingine huyo) na wakuu wenzake walijua Wajerumani wamekwisha kujitwalia nchi upande wa pwani mwaka huo huo, na mzungu aliyetokea mashariki aliwatia hofu. Mwanafunzi aandikaye "Mwanga" peke yake, mimi humpa nusu ya alama.