OPETH NA "URITHI" WAO: NANI KAMSALITI NANI?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, usishtuke ukiliona jina geni hapo juu. Najua katika gazeti hili la chama chetu wengi hupenda kuandika juu ya simu shuleni, mavazi ya vijana, na kama Sheng inaua Kiswahili. Hayo nayaheshimu, lakini yameshaandikwa sana. Mimi mwaka huu nimeona heri niandike juu ya ugomvi uliozuka nyumbani kwetu kwa sababu ya albamu moja ya muziki wa roki kutoka Uswidi. Ndiyo, Uswidi! Tena ugomvi wenyewe si wetu peke yetu. Tangu Septemba 2011, albamu hiyo ilipotoka, wasikilizaji wa nchi nyingi wamekuwa wakiuvutia huku na huku na hadi leo hawajapatana.

Albamu inaitwa Heritage, yaani Urithi. Wenyewe ni bendi ya Opeth, iliyoanza Stockholm mwaka 1990. Mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wao mkuu ni Mikael Åkerfeldt. Kwa miaka mingi bendi hii ilijulikana kwa kuchanganya vitu viwili ambavyo mtu hangedhani vitakaa chungu kimoja: gitaa la taratibu na sauti tamu kama ya mtu anayembembeleza mtoto, halafu ghafla, kishindo! Åkerfeldt ananguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Wimbo mmoja waweza kuchukua dakika kumi na ukakupitisha kote huko. Albamu zao za Blackwater Park, ya mwaka 2001, na Ghost Reveries, ya mwaka 2005, ndizo mashabiki wengi huzitaja kwanza.

Kaka yangu mkubwa ni mmoja wa hao mashabiki. Ni lazima nimweleze kidogo, maana bila yeye makala haya hayapo. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alitoka shuleni akiwa Kidato cha Pili kwa sababu karo ilitushinda, na sasa yeye ndiye anayenilipia mimi karo nikitoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Siku nzima anasikia nyundo na mashine ya kusaga vyuma. Ungedhani jioni atataka kimya, au taarabu. La! Anaweka vipokea sauti masikioni na kumsikiliza Åkerfeldt akinguruma. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Huyu anapiga kelele ili mimi nisipige." Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Siku hizi naelewa.

Sasa fikiria mtu kama huyo anapata albamu mpya ya bendi yake, anaisikiliza kutoka wimbo wa kwanza hadi wa kumi, karibu saa nzima, na hakuna mngurumo hata mmoja. Hata mmoja! Inaanza na piano peke yake, pole pole, kama mvua inayotafakari kama inyeshe au isinyeshe. Baadaye magitaa yanaingia, lakini si yale mazito aliyoyazoea. Vinanda ni vya zamani, ngoma zimerekodiwa zikasikika kama za chumbani, na Åkerfeldt anaimba tu kama binadamu. Kaka alisema, "Huyu mtu amenisaliti," akaifuta kwenye simu.

Maneno hayo ya usaliti yamesemwa na wengi. Yalizidi katika ziara ya mwaka huo wa 2011, kwa kuwa bendi ilipanda jukwaani ikapiga nyimbo za sauti safi tu na kuziacha zile za kunguruma. Mtu aliyelipa kiingilio akitegemea kishindo alirudi nyumbani na njaa yake.

Upande wa pili kuna wasikilizaji walioipenda mno Heritage. Hawa wengi wao ni wapenzi wa roki ile inayoitwa progresivu, yaani ya kwenda mbele, iliyostawi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bendi kama King Crimson, Yes, Genesis, Camel na Jethro Tull zilichoka na nyimbo za dakika tatu. Zikatunga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, zikachanganya jazi, muziki wa kanisani, nyimbo za kiasili, na filimbi pia. Heritage imejaa harufu ya wakati huo. Hata mahali iliporekodiwa ni pa kale: studio ya Atlantis mjini Stockholm, ambayo zamani iliitwa Metronome, na ABBA walirekodi Waterloo humo humo. Kazi ya kuchanganya sauti ilifanywa na Steven Wilson, Mwingereza ambaye naye ni mpenzi mkubwa wa muziki huo.

Hapa naomba nisimame kidogo nizungumzie kinanda kimoja, maana kimenishangaza kuliko yote. Kinaitwa Mellotron. Kilianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1963. Ndani yake hakuna nyuzi wala mabomba. Chini ya kila kibonye kuna utepe, kama ule wa kanda za babu, uliorekodiwa sauti ya fidla au filimbi au watu wakiimba kwaya. Ukikibonyeza, utepe unavutwa na sauti inatoka. Ukikishikilia kwa sekunde kama nane hivi, utepe unaisha na sauti inakatika, upende usipende! Kwa hiyo mpigaji hana budi kuinua vidole na kuvirudisha, na sauti yenyewe inatetemeka kidogo kama mzee anayeimba. Leo kompyuta inaweza kutoa sauti ya fidla iliyonyooka kabisa. Opeth walikuwa na hizo kompyuta, lakini bado walimweka mpiga kinanda wao, Per Wiberg, mbele ya Mellotron. Mimi huo mtetemo naupenda. Unasikika kama kitu kinachoweza kuharibika.

Haya, turudi kwenye ugomvi. Kuna kundi la tatu la wasikilizaji, na hoja yao ndiyo iliyoniumiza kichwa kuliko ya kaka. Wao hawalilii mngurumo. Wanauliza hivi: kama muziki huu unaitwa wa kwenda mbele, inakuwaje mtu wa mwaka 2011 arudi nyuma miaka arobaini na bado adai anakwenda mbele? King Crimson walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969 walifanya jambo ambalo watu hawakuwa wamelizoea. Anayewaiga leo anafanya jambo ambalo watu wamelizoea sana. Basi huyo ni mlinzi wa makumbusho, si mtunzi.

Hoja hiyo ina meno, jamani, na sitaki kuipita mbio mbio. Chukua wimbo wa nne, Slither. Ulitolewa kwa kumkumbuka Ronnie James Dio, mwimbaji wa Rainbow na Black Sabbath aliyefariki Mei 2010. Kumkumbuka marehemu ni jambo zuri. Lakini wimbo wenyewe unakimbia jinsi Rainbow walivyokimbia, na ukiisha unabaki ukijiuliza: kwa nini nisiende tu nikawasikilize Rainbow? Hapo kundi la makumbusho lina haki, nami sitawatetea Opeth.

Lakini sasa nenda kwenye wimbo wa saba, Famine, yaani Njaa. Unaanza kwa ngoma za mkono zinazopigwa na Alex Acuña, mzaliwa wa Peru aliyewahi kupiga na kundi la jazi la Weather Report. Ngoma hizo zinacheza kidogo, zinanyamaza. Inakuja piano ya huzuni na sauti ya Åkerfeldt iko karibu sana, kama yuko kitandani pembeni yako. Kisha bila kubisha hodi gitaa zito linaingia, linatembea pole pole kama lori lililobeba mawe, na juu yake filimbi inalia. Aliyeipuliza ni Björn J:son Lindh, Mswidi wa kizazi cha wazee, ambaye alifariki mwaka 2013. Utaniambia filimbi juu ya roki ni mambo ya Jethro Tull. Kweli. Ila Jethro Tull hawakuwa na uzito huo chini ya filimbi. Uzito huo ni wa watu waliopiga metali kwa miaka ishirini. Hata bila kunguruma huwezi kuuficha, unaonekana kama misuli ya fundi hata akivaa suti. Wimbo huo haungeweza kutungwa mwaka 1971, na wala haungetungwa na mtu asiyejua mwaka 1971.

Wengine hulalamika kwamba nyimbo zimeshonwa viraka viraka, kipande hiki hakijui kipande kile. Nimesikiliza mara nyingi na nakubali nusu. Häxprocess mpaka leo sijui inaanzia wapi na inaishia wapi. Folklore nayo ina viraka vilevile lakini mwisho wake unapanda na kupanda mpaka unasahau kulalamika.

Nitasema kwa nini jambo hili linanihusu, maana huenda unajiuliza. Muhula uliopita nilisoma shairi langu mbele ya chama. Lilikuwa tarbia, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, mizani minane kwa minane. Kabla ya hapo watu walinijua kama kijana wa kurap siku ya burudani, nami nilipigiwa makofi kweli kweli. Siku ile ya shairi, mmoja nyuma akauliza kama nimelifukua makaburini, darasa zima likacheka. Nilikasirika. Lakini nilipolisoma tena nyumbani niliona ubeti wa tatu na wa nne umejazwa maneno ya kuziba mizani tu. Huo ulikuwa Slither wangu. Ubeti wa kwanza, niliouandika juu ya kaka na moto wa kuchomelea, bado nausimamia, na atakayeucheka na acheke.

Kwa hiyo kundi la makumbusho nawajibu kwa kupima wimbo mmoja mmoja. Umbo la kale si kosa. Kosa ni kulivaa ukiwa huna la kusema.

Na kaka je? Kaka nilimwambia, kwa heshima, kwamba Åkerfeldt hakumwahidi kitu. Mwaka 2003 bendi ilitoa Damnation, albamu nzima bila kunguruma, na yeye aliipenda. Akanijibu haraka, "Damnation ilikuwa na pacha." Ni kweli, Deliverance ya mwaka 2002 ilirekodiwa wakati mmoja nayo na ilikuwa nzito mno, kwa hiyo msikilizaji alijua kishindo kiko nje kinamngoja. Heritage ilipotoka hapakuwa na pacha. Zikafuata Pale Communion mwaka 2014, Sorceress mwaka 2016 na In Cauda Venenum mwaka 2019, zote bila mngurumo. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Nilinyamaza, maana alikuwa amenishinda. Mtu aliyekutegemea akuelezee uchungu wake ana haki ya kusema umeondoka. Hana haki ya kukulazimisha kurudi, lakini kusema ana haki, na wale wanaowacheka mashabiki kama kaka kwamba hawana masikio wanakosea.

Tena, kwa wanachama wa Chama cha Kiswahili, hiyo ya 2019 haifai kupitwa hivi hivi. Åkerfeldt aliitunga kwanza kwa Kiswidi, lugha ya mama yake, kisha akaiimba tena kwa Kiingereza, na albamu ikatolewa kwa lugha zote mbili. Mimi neno la Kiswidi silijui hata moja, lakini kati ya hizo mbili husikiliza ile ya Kiswidi. Ana ujasiri zaidi mdomoni. Wanaotuambia kwamba muziki wa Kiswahili hauwezi kwenda mbali wakaisikilize.

Halafu Novemba 2024, bila watu wengi kutarajia, bendi ikatoa The Last Will and Testament, hadithi ya familia inayosomewa wasia wa baba yao. Mngurumo umerudi! Na nani anapuliza filimbi na kusimulia humo? Ian Anderson, yule mzee wa Jethro Tull mwenyewe. Kaka aliisikiliza usiku ule ule, bando langu lote likaisha. Nilipomuuliza vipi, alisema, "Sasa filimbi naielewa." Hakuongeza neno. Mimi naamini bila Heritage wasingefika hapo, ila yeye hajakubali, na Slither hata mimi simlazimishi aisikilize.

Ukitaka kujaribu, msomaji, anza na Famine. Tumia vipokea sauti vya masikioni, na usiiweke ukiwa unasonga ugali, kwani pale mwanzoni ni kimya sana na hutasikia kitu. Kaka ameniambia gazeti likitoka nimletee nakala aone nilichomsema. Nimeshamwekea moja.