Kabla ya Kumwambia Mgonjwa "Beba Msalaba Wako"



Wapo waamini wenzetu wanaoteswa na maumivu yasiyoonekana. Uso hauna jeraha wala uvimbe, lakini mtu akinawa, akipiga mswaki, akitafuna, au upepo ukimpiga shavuni, anashtuliwa na maumivu makali kama shoti ya umeme. Yanapita baada ya muda mfupi, kisha yanarudi. Wengi hudhani ni jino. Linang'olewa, maumivu yanabaki; linang'olewa la pili, yanabaki vilevile. Mwishowe watu husema anajifanya, au amerogwa, au wanamwambia kwa upole: "Vumilia, huo ndio msalaba wako."

Kwa maoni yangu, hatuna haki ya kumwambia mtu abebe msalaba kabla ya kumwamini na kumsaidia kutafuta tiba.

Katika falsafa tunajifunza kwamba mahali athari inapoonekana si lazima pawe ndipo kilipo chanzo. Ndivyo ilivyo hapa. Hisia za uso hupelekwa na mshipa wa fahamu wa tano, kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii, mshipa wa damu ndani ya fuvu unaugandamiza mshipa huo karibu na shina la ubongo. Moyo ukidunda, mshipa wa damu nao unaupigapiga, hadi ganda lake la kinga linalika. Jino halina kosa lolote.

Daktari Mmarekani Walter Dandy aliliona jambo hili miaka ya 1930. Miaka ya 1960 Peter Jannetta, akitumia darubini ya upasuaji, aliendeleza njia ya kuondoa mgandamizo huo. Tundu dogo hutobolewa kwenye fuvu nyuma ya sikio, mshipa wa damu husogezwa, na kipande cha tefloni huwekwa katikati. Mshipa wa fahamu haukatwi. Siku hizi baadhi ya madaktari hutumia endoskopu, bomba jembamba lenye taa na kamera, linaloonyesha kona ambazo darubini haizifikii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wagonjwa zaidi ya 1,100 ulionyesha kuwa miaka 10 baada ya upasuaji, takriban asilimia 70 walikuwa na nafuu kubwa bila kutumia dawa.

Si kila mgonjwa anahitaji upasuaji. Kwa kawaida huanza na dawa kama kabamazepini, inayotumika pia kwa kifafa. Upasuaji wenyewe una hatari zake, kama kupoteza usikivu au kuvuja kwa maji ya ubongo. Uamuzi ni wa mgonjwa pamoja na daktari bingwa. Lakini ataamuaje, ikiwa hakuna aliyemwamini akampeleka?

Mtu atauliza: je, mateso hayana thamani ya kiroho? Yanayo. Papa Yohane Paulo II aliliandikia jambo hilo barua mwaka 1984, Salvifici Doloris. Barua hiyohiyo inatuelekeza kwa Msamaria Mwema, aliyesimama na kumfunga mtu majeraha. Naye Papa Pio XII, akiwajibu madaktari wa nusukaputi mwaka 1957, alifundisha kwamba Mkristo hakatazwi kutumia dawa za kuondoa maumivu. Simoni wa Kirene hakumhubiria Yesu uvumilivu, aliushika msalaba.

Ndugu waseminari, kesho tutaitwa kwenye nyumba za wagonjwa. Tusikilize kwanza, tuulize ameshamwona daktari gani. Nanyi wanajumuiya, mnapokwenda kusali rozari kwa mgonjwa, ulizeni pia kama ana nauli ya kwenda hospitali ya rufaa. Mpako Mtakatifu na barua ya rufaa havigombani. Mgonjwa akishapata vyote viwili na maumivu yakabaki, hapo ndipo tukae naye chini ya msalaba, na neno letu atalipokea.