"Mwalimu Alisema" Siyo Hoja

Makamanda, huku kwetu Musoma, Bunda na Butiama ukitaka kumaliza ubishi kijiweni unasema tu "Mwalimu alisema", watu kimya. Sasa Mwalimu yupi? Wa 1965, nchi ilipofanywa ya chama kimoja kisheria yeye akiwa Rais, au yule aliyeunga mkono vyama vingi virudi 1992? CCM watamnukuu wa kwanza, sisi wa pili, na hapo hakuna aliyethibitisha kitu.

Halafu kuna "wananchi wengi wanataka". Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Bado ikapendekeza vyama vingi. Yaani sisi tupo leo kwa sababu kuna watu walipima sababu, hawakuhesabu vichwa tu.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni "katumwa". Mwenzetu anauliza michango ya tawi imetumikaje, anajibiwa "huyu chawa, katumwa". Haya, tuseme kweli katumwa. Pesa zipo au hazipo? Swali halibadiliki kwa sababu ya mdomo uliolitoa. Mhazina alete daftari, tusome wote.