Usiuzibe Ufa Huu wa Injini

Ndugu mkulima, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika injini ya gari la zamani upo ufa mmoja ambao ukiuziba ndipo utajenga ukuta. Ni ile nafasi ndogo iliyo baina ya roka na ncha ya valvu.

Baadhi yetu katika skimu bado twapeleka maziwa na viazi kwa Land Rover za zamani. Gari likigonga ta-ta-ta juu ya injini, mwenyewe humwambia fundi akaze mpaka kelele ziishe. Hayo si matengenezo, ni kuiua injini polepole.

Kazi yenyewe huenda hivi. Krankishafti huzungusha kemshafti kwa mnyororo, na ikizunguka mara mbili kemshafti huzunguka mara moja. Nundu za kemshafti huinua tapeti, tapeti husukuma kijiti cha chuma, nacho kijiti huinua upande mmoja wa roka. Upande wa pili hushuka na kuifungua valvu, kama watoto wawili juu ya ubao wa kupandishana. Kisha springi huirudisha valvu kitini pake. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,000.

Sasa, chuma kikipata moto hurefuka. Pasipo nafasi, valvu haifungi sawasawa. Valvu ya kutolea moshi hupoa hasa kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa vizuri, moto hupenya kando yake na kuiunguza. Gari hukosa nguvu, mlima haupandiki, na maziwa huchacha njiani.

Tena, tangu mwaka 2006 petroli yenye risasi haiuzwi Kenya. Hilo ni jema kwa afya ya watoto wetu. Lakini risasi ilivilinda viti vya valvu, na katika injini nyingi za zamani viti hivyo sasa huliwa upesi. Valvu huzama, nafasi hupungua, wala husikii kelele. Basi usifurahie ukimya.

Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ina valvu 8, na nafasi ya kila moja ni milimita 0.25. Pima kwa hesabu ya 9: valvu ya 8 ikifunguka kabisa, pima ya 1, ya 7 ikifunguka, pima ya 2, na kadhalika. Gari la namna nyingine lina kipimo chake, nawe ufuate kitabu chake. Badilisha oili kwa wakati, maana oili chafu hula nundu na roka.

Kwa maoni yangu, kila kikundi cha wakulima kingenunua seti moja ya vyuma vyembamba vya kupimia, ambavyo mafundi huviita fila. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya valvu iliyoungua. Fundi akija, apime mbele ya macho yako. Asiye na kipimo asiguse roka.