Mlango wa tuzo za hadithi u wazi, lakini mizani i wapi?

SWALI la iwapo miito ya wazi ya kuwasilisha hadithi inawatendea haki waandishi chipukizi aghalabu hujibiwa kwa wepesi. Mlango u wazi kwa kila mtu, huambiwa wanaonung'unika; hakuna anayeulizwa ametoka wapi, na asiyekubali kushindwa si mshindani.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kufungua mlango ni jambo moja. Kumtendea haki aliyeingia ni jambo jingine kabisa. Anayetaka kuiona tofauti hiyo hana haja ya kwenda mbali. Na azuru kaunti za Kericho na Bomet, ambako maelfu ya wakulima wadogo wa majani chai hupeleka zao lao kwa mnunuzi wa mwisho ambaye hawajapata kumwona.

Mkulima wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek anazijua kanuni. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Katika kituo cha kununulia majani, karani huyakagua, huyapima na kumpa risiti yenye idadi ya kilo. Majani yakikataliwa, mwenyewe huelezwa papo hapo. Kila mwezi hulipwa malipo ya awali kwa kilo, na baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi Juni, husubiri bonasi.

Hatusemi kwamba mkulima huyo hana malalamishi. Tofauti ya bonasi kati ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa na vile vya mashariki imezua hasira zaidi ya mara moja. Hata hivyo, analalamika akiwa na risiti mkononi. Anajua alipeleka nini, lini na kiasi gani. Kijana wa kijiji hicho hicho anayetuma hadithi kwa shindano au jarida mara nyingi hana lolote kati ya hayo.

Mgala muue na haki yake umpe. Miito ya wazi imeifaa fasihi yetu pakubwa. Shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka wa 1957-58, lililoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ndilo lililomwibua Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ulichapishwa 1960, na Bwana Msa akawa mpelelezi mashuhuri zaidi katika riwaya ya Kiswahili.

Miongo mitano baadaye, jarida la Kwani? la Nairobi lilitoa mwito wa miswada ya riwaya kwa waandishi wa Afrika mwaka wa 2012. Mshindi alikuwa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, na riwaya yake, Kintu, ilichapishwa 2014. Kwa upande wa Kiswahili, tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilibadilishwa jina na kuitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 na kuwafungulia njia watunzi wengi. Mwaka wa 2018, Mkenya Jacob Ngumbau Julius aliibuka mshindi wa ushairi kwa diwani yake, Moto wa Kifuu.

Basi hoja yetu si kwamba miito hii ifungwe. Hoja ni kwamba tumezoea kuupima uadilifu wake kwa kuwatazama washindi, ilhali washindi ni wachache mno. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo haitozi ada na hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, ilipokea hadithi 7,359 mwaka wa 2024. Washindi wa kanda walikuwa watano, yaani takriban mmoja kwa kila hadithi 1,470. Kushindwa ndiyo hali ya kawaida ya mshiriki. Kwa hivyo, mwito wowote unafaa kupimwa kwa namna unavyomtendea anayeshindwa.

Kipimo cha kwanza ni muda. Iko miito inayomkataza mwandishi kupeleka hadithi yake kwingineko inapokuwa mikononi mwa waandalizi, lakini haitaji siku ya kutoa uamuzi. Miezi sita hupita, kisha mwaka. Jina lake halimo kwenye orodha, wala hajapokea barua ya kumkatalia. Hadithi imefungwa kamba na aliyeifunga amenyamaza. Ni kama karani apokee majani, asiyapime, kisha amzuie mkulima kuyapeleka kituo kingine hadi yanyauke. Tunapomhimiza kijana huyu akubali kushindwa, tukumbuke kwamba asiyeambiwa ameshindwa hana cha kukubali.

Kipimo cha pili ni hakimiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, hakimiliki kwa kawaida huwa ya mtunzi tangu anapoiandika kazi yake, na hawezi kuihamisha ila kwa maandishi yaliyotiwa saini. Hata hivyo, yapo masharti yanayodai kwamba kutuma hadithi pekee kunawapa waandalizi idhini ya kuitumia watakavyo, hata isiposhinda. Chipukizi mwenye hamu ya kuona jina lake kitabuni hayasomi, na akiyasoma hana wa kumfafanulia.

Uzito wa jambo hili huonekana katika diwani za shule. Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba na Mapambazuko ya Machweo ni mikusanyiko ya hadithi fupi iliyopata kuteuliwa kutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Mtihani huo ulikuwa na watahiniwa zaidi ya 900,000 mwaka wa 2024. Hatudai kwamba mikataba ya diwani hizo ilikuwa na dosari. Tunasema tu kwamba katika soko la ukubwa huo, tofauti kati ya malipo ya mara moja na mrabaha wa kila mwaka si ndogo. Anayeitikia mwito wa diwani anastahili kuijua tofauti hiyo kabla ya kutia saini.

Kipimo cha tatu ni usawa wa uwanja. Tuzo ya Mabati-Cornell ilikubali miswada ambayo haijachapishwa pamoja na vitabu vilivyochapishwa karibuni. Nia ilikuwa njema, kwani watunzi wengi zaidi walipata nafasi. Lakini anayejua kazi ya uhariri anafahamu kwamba kitabu kilichochapishwa kimekwisha kupita mikononi mwa mhariri na msomaji prufu, ilhali mswada wa chipukizi umesomwa na yeye mwenyewe, labda na mwalimu wake. Si jambo la haki kuzitia kazi hizo mbili katika mizani moja bila kuifikiria tofauti hiyo.

Kwa mwandishi wa Kericho na Bomet, tofauti hii ina sura nyingine. Lugha yake ya kwanza aghalabu ni Kikipsigis. Kiswahili sanifu alichojifunza shuleni kina misingi yake katika lahaja ya Unguja, na mizani ya ufundi wa lugha bado huelemea pwani. Hadithi yake huandikwa daftarini, kisha huchapwa kwa simu au kwa kulipia kila ukurasa kwenye duka la kompyuta mjini. Mwito usiotoza ada bado una gharama kwake.

Na tukimpoteza huyu, tunapoteza hadithi ambazo hakuna mwingine wa kuzisimulia kwa undani. Ni nani atakayetunga riwaya ya ukoo wa Talai, waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni mwaka wa 1934 na kupelekwa Gwassi? Ni nani atakayeisimulia Mei ya 2023, wakati mashine za kuchuma chai ziliteketezwa na watu waliohofia kupokonywa riziki? Magazeti yaliripoti matukio hayo. Habari ya gazeti, hata hivyo, haiwezi kuingia jikoni mwa mchumaji aliyeachishwa kazi na kukaa humo hadi usiku wa manane. Hiyo ni kazi ya hadithi.

Waandalizi wana utetezi wao, nao una uzito. Wahariri ni wachache, baadhi yao wanajitolea, na hakuna anayeweza kuandika maoni ya kina kuhusu maelfu ya miswada. Tunakubali. Lakini chipukizi haombi tahakiki ya kurasa kumi. Anachostahili ni stakabadhi kwamba kazi imepokewa. Tarehe ambayo baada yake hadithi ni huru kwenda kwingine. Masharti ya hakimiliki yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Na ahadi kwamba jina la mtunzi litafichwa kwa wasomaji wa awali. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfuko mkubwa wa fedha.

Nyumbani pia kuna la kufanywa. Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga, na Bomet ina chuo chake kikuu kishiriki tangu 2017. Idara za lugha katika vyuo hivyo, zikishirikiana na walimu wa Kiswahili na maktaba za umma, zinaweza kutenga hata siku moja kila muhula ya kusoma miswada ya vijana kabla haijatumwa na kuwafafanulia mikataba kabla hawajatia saini. Nazo serikali za kaunti, zinapotoa zawadi kwa tamasha za muziki na maigizo, zikumbuke kwamba mwandishi naye huhitaji jukwaa.

Hadi hayo yatakapofanyika, chipukizi na asiache kuandika wala kutuma, lakini asome masharti kabla ya kuvutiwa na kiasi cha zawadi, abaki na nakala, na aandike tarehe aliyotuma. Mwito usiotaja siku ya uamuzi wala mwenye hakimiliki, na aupite.