Maumivu ya Kichwa ya Mwanafunzi Yasipuuzwe

Miongoni mwa malalamiko ya wanafunzi, hakuna linalodharauliwa kama maumivu ya kichwa. Aghalabu huwa ni jambo dogo, nakubali. Hata hivyo, yapo maumivu ambayo mwalimu hapaswi kuyapuuza kamwe, nayo ni yale yanayoletwa na kuganda kwa damu katika vena za ubongo.

Damu huingia ubongoni kupitia ateri na kurejea moyoni kupitia vena. Donge likiziba vena, damu hujaa nyuma yake mithili ya maji katika mtaro ulioziba. Shinikizo hupanda kichwani, na vijishipa vyaweza kuvuja. Mtoto huumwa na kichwa siku baada ya siku, hutapika, huona kitu kimoja kama viwili, husinzia kupita kiasi au hushikwa na degedege. Kiini chaweza kuwa usaha wa sikio uliopenya hadi mfupa ulio nyuma yake, upungufu wa maji mwilini au wa madini ya chuma, maradhi ya figo au saratani ya damu.

Tiba ipo. Heparini huzuia donge lisikue, mwili ukapata nafasi ya kuliyeyusha. Kisha mtoto huendelea na dawa za aina hiyo kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Sambamba na hayo, kiini chenyewe hutibiwa.

Mzazi atauliza: iweje dawa ya kuzuia damu isigande apewe mtoto anayevuja damu ubongoni? Hata madaktari waliwahi kuwa na hofu hiyo. Mwaka 1991, watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 wa umri wa utu uzima. Miongoni mwa 10 waliotibiwa kwa heparini, hakuna aliyekufa; miongoni mwa 10 ambao hawakuipata, walikufa 3. Kuvuja huko hutokana na kuziba kwa vena, hivyo basi si sababu tosha ya kuikataa dawa, ingawa ni daktari anayepima hali ya kila mtoto.

Lakini dawa haimfuati mtoto darasani. Utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2001 kuhusu watoto 160 ulionyesha kwamba asilimia 38 walibaki na kasoro za ubongo au neva. Kuchelewa ni hatari.

Simtaki mwalimu awe daktari. Namtaka atambue mabadiliko ya mwanafunzi wake, amwite mzazi na kusisitiza mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayetokwa na usaha sikioni. Aibu humfanya aufiche ugonjwa unaotibika. Mdharau mwiba mguu huota tende.