Usingizi wa mtoto wa Ijara

Watafiti wa Marekani wamebaini mara nyingi kuwa watoto weusi hulala muda mfupi kuliko weupe. Wengi wao hawalaumu damu. Wanataja kelele za mitaa, nyumba zilizosongamana na wazazi wanaofanya kazi za zamu.

Ijara, katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, inahusika pia: huku nako chanzo ni mazingira, si damu. Mtoto wa Kisomali au wa Kiboni hakuzaliwa akihitaji usingizi mfupi kuliko mwenzake wa Nairobi. Anayelala Masalani chini ya mabati yaliyopigwa na jua kutwa nzima hugaagaa mpaka usiku wa manane, na mvua ikinyesha mbu hawampi nafasi. Alfajiri ni swala na dugsi (chuo cha Kurani), kisha shule, jioni dugsi tena, halafu kazi ya ziada ya mwalimu. Kiangazi kikikaza, kijana wa mfugaji hukesha kisimani akingoja zamu ya kunywesha ng'ombe. Asubuhi anasinzia darasani, na anaitwa mvivu!

Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza watoto wa miaka 6 hadi 12 walale kwa muda wa saa 9 hadi 12, na vijana wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10.

Ili watoto wa Ijara wafikie saa hizo, tuanze na sheria: Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Zifuatwe. Walimu wakuu na walimu wa dugsi wakae pamoja wapange ratiba moja, na kaunti ifikishe vyandarua Hulugho na Sangailu kabla ya mvua za masika.